Konje, feza na nyama wa pori: safari ya Tanzania ni ya nani?

Mwezi wa sita ukifika, katika makambi ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi maneno ya konje yanaanza kusikilika. Mvua imekwisha, masomo yanakaribia kufungwa, na kila nyumba inajiuliza feza ya konje itafanya kazi gani. Zamani jibu lilikuwa moja tu: kwenda kijijini kuona wazazi. Miaka hii neno jipya limeingia: kwenda Tanzania kuona nyama wa pori, simba, tembo na twiga, sawa vile Wazungu wanavyofanya.

Kwetu safari ni neno la kila siku. Mtu akipanda basi kwenda Likasi, ni safari. Lakini kwa ajansi za Arusha na Nairobi, safari imekuwa jina la bidhaa: motuka yenye dari inayofunguka, hoteli ya mahema na mlango wa hifadhi. Bidhaa hiyo ina bei, na bei yake ilitengenezwa kwa mtu anayetoka Ulaya ao Marekani na dola elfu tatu mfukoni. Swali la leo ni hili: je, jamaa ya mfanyakazi wa mgodi inaweza kuinunua bila kula minerval ya watoto? Na kama inaweza, kwa njia gani?

Jumuiya imebadilisha nini?

Watu wengi wanasema: sasa sisi pia ni Afrika Mashariki, basi tutalipa bei ya wenyeji. Tuangalie neno hili pole pole, juu lina ukweli ndani yake, lakini siyo ukweli wote.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kongo tarehe 29 Machi 2022. Rais wetu alitia sahihi mkataba kule Nairobi tarehe 8 Aprili, na mwezi wa saba mwaka ule ule Kongo ikawa mwanachama kamili. Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, mji ule ule ambao watalii wanatoka kwenda Serengeti.

Kisha, angalia karatasi ya bei ya hifadhi za taifa za Tanzania, zile zinazosimamiwa na TANAPA. Inatenganisha watu kwa vikundi: wageni wa nje, wageni wenye kibali cha kukaa nchini, na raia wa Afrika Mashariki. Katika bei zilizotumika miaka hii ya mwisho, mgeni mtu mzima analipa Serengeti dola 70 kwa siku wakati wa watalii wengi, na dola 60 kati ya katikati ya Machi na katikati ya Mei. Juu yake kuna kodi ya asilimia 18. Dola 70 inakuwa dola 82.60. Raia wa Afrika Mashariki analipa shilingi 10,000 na kodi ile ile: shilingi 11,800. Tukihesabu shilingi 2,500 kwa dola moja, haifiki dola 5. Mmoja analipa zaidi ya mara kumi na sita kuliko mwingine, kwa simba yule yule.

Ndiyo maana paspoti ya Kongo ina uzito kwenye mlango. Lakini mlango hausomi magazeti. Anayekuuzia safari anaweza kuhesabu bei ya mgeni, akalipa bei ya Afrika Mashariki, na tofauti ikabaki kwake. Ao anaweza kukuahidi bei ndogo, kisha mfanyakazi wa mlango akaikataa. Basi, mbele ya kutuma hata dola moja, uliza kwa barua: "Sisi ni raia wa Kongo, wenye paspoti ya Kongo. Tutalipa kwa bei gani?" Jibu liwe limeandikwa, na jina la hifadhi na tarehe. Bei hizi zinabadilika, kwa kawaida mwezi wa saba wakati mwaka wa bajeti wa Tanzania unapoanza. Karatasi ya mwaka jana isikudanganye.

Mlango siyo mzigo mkubwa

Kuna kosa moja linalofanywa na watu wengi: kufikiri kwamba bei ya mlango njo safari yote. Tupige hesabu ya mfano.

Bwana na bibi wanataka siku tatu ndani ya Serengeti. Kwa bei ya wageni, mlango unakula 82.60 mara mbili mara tatu: dola 495.60. Kwa bei ya Afrika Mashariki ni shilingi 70,800, karibu dola 28. Kila mtu anaokoa kama dola 234. Ni feza mingi.

Sasa motuka. Kutoka Arusha mpaka Serengeti, kutembea ndani na kurudi, tuseme siku tano. Motuka ya ginsi ile na dereva na mafuta, tuweke dola 240 kwa siku. Siku tano ni dola 1,200. Bwana na bibi wakiwa peke yao, kila mmoja anabeba dola 600. Wakichangia na bwana na bibi wengine, kila mmoja anabeba dola 300. Kila mtu ameokoa 300, ni kusema zaidi ya ile ambayo paspoti ilimwokolea. Na viti bado viko: motuka ile inabeba watu sita ao saba, basi watoto watatu wanaweza kuingia bila kuongeza motuka ya pili.

Maana yake ni wazi. Jumuiya inapunguza bei ya mlango, lakini haipunguzi bei ya mafuta, ya dereva, ya matairi na ya hoteli. Ile kazi ni ya kwenu wenyewe: kusafiri kwa kikundi. Watu wa mgodi wanajua likelemba. Jamaa mbili zinazoaminiana, zikiweka feza pamoja tangu mwezi wa kumi, zinapata safari nafuu kuliko mtu mmoja anayetafuta rafiki mkubwa ndani ya ajansi.

Kumbuka pia kwamba Serengeti haiko peke yake. Njia ya kawaida kutoka Arusha inapita ndani ya Ngorongoro, na ile ni mamlaka nyingine yenye mlango wake na bei yake. Hata kama unapita tu, unalipa. Na kwa wageni, motuka ikishuka chini ya shimo la Ngorongoro kuna malipo mengine ya motuka, dola 250 na kodi. Mtu ambaye hakuhesabu mambo haya anashangaa njiani, na mshangao wa njiani unalipwa na feza ya kurudi.

Siku za konje ni chache

Feza ni hesabu ya kwanza. Siku ni hesabu ya pili, na mara nyingi inasahauliwa. Sheria ya kazi ya Kongo inampa mfanyakazi mtu mzima siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano ya kazi kwa bwana yule yule. Mtu wa miaka miwili kazini ana siku 12: juma mbili tu. Konvansyo ya kampuni yako inaweza kukupa zaidi. Iulize ndani ya biro ya wafanyakazi ao kwa delege wa sendika.

Sasa tazama karta. Kutoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam kwa barabara ni karibu kilomita 2,000, na mipaka miwili: Kasumbalesa kuingia Zambia, kisha Nakonde na Tunduma kuingia Tanzania. Kwa basi, na kulala mpakani ikibidi, mtu aweke siku tatu ao nne. Arusha iko mbali zaidi, kaskazini. Mtu mwenye siku 12 akienda Serengeti kwa basi, siku zote zitaishia juu ya kiti. Ataona simba nusu saa, kisha atarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka. Na mtu aliyechoka kwenye mgodi ni hatari kwake na kwa wenzake.

Anayetaka Serengeti, basi, lazima aende kwa ndege toka Luano, na pale hesabu inaruka juu: tiketi za watu watano ni mzigo mkubwa kuliko mlango na motuka pamoja. Kwa jamaa nyingi jibu ni apana, na kusema apana siyo aibu. Lakini Tanzania siyo Serengeti tu.

Barabara ya mukuba inapita katikati ya nyama

Madereva wa malori wanajua jambo ambalo ajansi haziandiki. Barabara inayobeba shaba na kobalti yetu kwenda bandari ya Dar es Salaam inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi. Kwa kilomita karibu 50, lami iko ndani ya hifadhi. Abiria wa basi anaona tembo, twiga, punda milia na nyani kwenye dirisha, bila kulipa kitu. Kuna mabango ya faini kwa motuka inayogonga nyama, na matuta ya kupunguza mbio.

Mikumi ilifanywa hifadhi mwaka 1964. Ina kilomita za mraba 3,230, na ndani yake kuna uwanda wa Mkata, ambako simba, nyati na nyumbu wanaonekana vizuri wakati wa kiangazi. Bei ya mlango kwa mgeni ilikuwa dola 30 na kodi, ni kusema dola 35.40. Kwa raia wa Afrika Mashariki, shilingi 5,000 na kodi: 5,900. Bwana na bibi kwa siku mbili wanalipa dola 141.60 kwa bei ya wageni, na chini ya dola 10 kwa bei ya Afrika Mashariki. Watoto wanalipa kidogo kuliko wakubwa, na mtoto ambaye hajafika miaka mitano halipi.

Faida kubwa ya Mikumi siyo mlango. Ni mahali ilipo. Mji mdogo wa Mikumi uko juu ya barabara, na nyumba za kulala za bei ya chini ziko nje ya hifadhi. Motuka inaweza kupatikana kwa nusu siku ao siku moja, badala ya siku tano. Kama siku moja ya motuka ni dola 120, kwa mfano, siku mbili ni 240. Mukigawanya kwa wakubwa wanne, ni 60 kwa mtu. Weka pembeni ya ile 600 ya Serengeti. Nyama ni wale wale, ijapokuwa uwanda ni mdogo.

Mwenye siku nyingi kidogo anaweza kufikiri Ruaha, hifadhi kubwa sana inayofikiwa toka mji wa Iringa, juu ya barabara ile ile ya Tunduma. Pale tembo ni wengi na watalii ni wachache. Lakini toka Iringa mpaka mlango kuna kilomita zaidi ya 100, na motuka lazima iwe ngumu. Tena mutarudia hesabu ya mafuta.

Na kuna reli. TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, inatoka Kapiri Mposhi na kufika Dar es Salaam, kilomita 1,860. Treni yake ya abiria ya haraka iliitwa Mukuba, jina la shaba kwa lugha yetu na ya Wabemba. Upande wa Tanzania reli inapita ndani ya nchi ya nyama, pembeni ya hifadhi ya Nyerere. Lakini reli imechakaa, treni za abiria zimekuwa zikisimamishwa mara kwa mara, na mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano na kampuni ya Kichina juu ya kuitengeneza upya. Kazi ya kutengeneza reli inasumbua ratiba. Usiweke TAZARA ndani ya plani mbele ya kuthibitisha kwamba treni ya abiria inatembea juma lile. Uwe na feza ya basi pembeni.

Karatasi zinakula feza pia

Mbele ya kuhesabu nyama, hesabu paspoti. Kila mtu anahitaji yake, hata mtoto mchanga. Kwa jamaa ya watu watano, paspoti peke yake ni mamia ya dola, na zinachukua muda. Mwenye kuanza mwezi wa tano kwa safari ya mwezi wa saba amechelewa.

Kisha karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, ile karte ya rangi ya njano. Tanzania inaiomba kwa mtu anayetoka Kongo. Chanjo ichomwe siku kumi ao zaidi mbele ya safari, juu haihesabiwi halali mbele ya siku kumi. Usikubali kununua karte bila sindano: kwanza ni kosa, tena ugonjwa hausomi karte.

Mzazi mmoja akisafiri na watoto, achukue ruhusa ya mzazi mwingine iliyoandikwa na kutiwa muhuri, pamoja na akti za kuzaliwa. DGM inaweza kuziomba, na upande wa pili wa mpaka pia. Maneno ya viza yanabadilika kati ya nchi zetu. Zambia na Tanzania zote mbili zina konsula ndani ya Lubumbashi. Mtu aende kuuliza pale, siyo kwa kijana anayesimama kwenye parkingi ya Kasumbalesa.

Wanaotaka kwenda na jeep yao wenyewe wafikiri mara mbili. Zambia na Tanzania wanatembea upande wa kushoto. Kuna asiransi ya COMESA inayoitwa pia karte ya njano (usiichanganye na ile ya chanjo), inayokubaliwa Kongo, Zambia na Tanzania. Kuna karatasi za duane kwa motuka. Na kwenye mlango wa hifadhi, motuka yenye plaki ya nje inalipishwa kwa dola, juu sana kuliko motuka ya Tanzania. Mara nyingi ni nafuu kuacha jeep nyumbani.

Neno la mwisho juu ya malipo. Kwenye milango ya hifadhi za Tanzania hawapokei noti mkononi. Malipo yanapita kwa banki, kwa karte ao kwa simu, na namba ya malipo. Na tangu mwisho wa Machi 2025 sheria ya Tanzania inakataza kuweka bei na kulipa kwa feza ya kigeni kwa vitu na kazi za ndani ya nchi. Basi dola zako utazigeuza kuwa shilingi, ndani ya banki ao biro halali. Chukua noti mpya na safi. Noti ya dola iliyochanika, ambayo mama wa soko Kenya ya Lubumbashi anaikataa, itakataliwa kule vilevile.

Feza inatoka wapi?

Hapa njo kiini cha maneno yote. Mwaka 2025 ulitufundisha kwamba feza ya mgodi haina ahadi. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kisha ikaongeza. Tangu tarehe 16 Oktoba kuna kwota: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na hesabu ile ile kwa 2027. Lengo lilikuwa kupandisha bei, na bei ilipanda. Lakini kwa ba creuseurs na wanunuzi wadogo, miezi ile ilikuwa ya njaa, na kampuni nyingine zilipunguza kazi. Mtu aliyekuwa ametuma avansi ya safari mwezi wa kwanza, alijuta mwezi wa tatu.

Wazee wanakumbuka jambo kubwa zaidi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa "départs volontaires", na feza ya mara moja mkononi. Wengine walinunua motuka, televizyo, viti. Nyuma ya mwaka mmoja ao miwili feza ilikuwa imekwisha, na watoto walifukuzwa masomoni. Watu wale hawakuwa wapumbavu: hakuna aliyewaonyesha namna ya kugawanya feza ya mara moja. Feza ya konje ni ndogo kuliko ile, lakini ginsi yake ni moja: inakuja kwa mara moja, na inataka kutoka kwa mara moja.

Basi, igawanye mbele haijafika. Mfuko wa kwanza ni wa mwezi wa tisa: minerval, uniforme, madaftari. Masomo yanaanza mwanzo wa mwezi ule, juma chache tu nyuma ya kurudi kwenu. Mfuko huu usiguswe, na mama wa nyumba ndiye aushike. Mfuko wa pili ni wa nyumba na wa wagonjwa, chakula cha mwezi mmoja na nusu, juu mshahara unaweza kuchelewa. Mfuko wa tatu ni wa wazazi wa kijijini, ambao wakisikia mulikwenda kuona simba bila kuwatumia kitu, maneno hayataisha. Kinachobaki njo feza ya safari.

Na feza ya safari yenyewe uigawanye kwa nne: karatasi, njia ya kwenda na kurudi, kulala na kula, motuka na mlango. Juu ya hesabu yote ongeza sehemu moja kwa tano ya kusumbuka. Siyo feza ya kununua vitenge. Nyuma ya uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 kulikuwa fujo, intaneti ikakatwa, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotembea usiku. Msafiri aliyekuwa na feza ya simu tu, bila noti, alibaki bila kitu. Siku mbili ao tatu za kungoja mpakani, na watoto watatu wanaokula, zinaweza kumaliza mfuko.

Kama hesabu haifiki, hakuna dawa ya kuiponya kwa deni. Safari ya mkopo inalipwa miezi kumi nyuma ya kurudi, na faida juu yake. Bora kungoja mwaka mwingine, na likelemba ianze mapema. Na kama muna ndugu Dar es Salaam ao Morogoro, mupunguze hoteli, lakini mukumbuke mezali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Waongo hawakosi

Pale feza inapopita, waongo wanakaa pembeni ya njia. Mtu anatuma picha nzuri ya simba kwa simu, anaomba nusu ya bei leo leo, juu nafasi zinakwisha. Bei yake iko chini sana. Ujiulize: kwa dola hizi, mlango unalipwa na nani? Mafuta yanalipwa na nani? Kama ajansi nyingi zinataka kati ya dola 200 na 350 kwa mtu kwa siku upande wa Arusha, anayetaka 60 ni mwongo, ao atakuacha njiani.

Ajansi ya kweli ina leseni ya utalii ya Tanzania, ina akaunti ya banki kwa jina la kampuni, siyo kwa jina la mtu, na inakubali kuandika kila kitu: siku ngapi, hifadhi gani, motuka ya watu wangapi, chakula kiko ndani ao nje, mlango uko ndani ao nje, na feza inarudi namna gani ukishindwa kuja. Neno "nje" likikosekana kwenye karatasi, njo pale utalipa mara ya pili.

Na nyama wa kwetu?

Mwishoni kuna swali ambalo siyo la mfuko tu. Juu ya nini mtoto wa Katanga atafute punda milia kilomita 2,000 mbali, wakati punda milia wa pori wa Kongo wanaishi kwetu, upande wa Upemba na Kundelungu? Upemba ni hifadhi tangu mwaka 1939. Ina kilomita za mraba zaidi ya 11,000. Kundelungu, ya mwaka 1970, ina maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka toka zaidi ya metre 300. Hakuna mpaka wa kuvuka, hakuna paspoti, hakuna shilingi.

Jibu linajulikana: barabara zilizokufa, watu wenye silaha waliopita mule miaka mingi, nyama waliouawa kwa kuliwa, na wachimbaji wanaoingia ndani ya mipaka ya hifadhi. Walinzi wa ICCN wanafanya kazi kwa uchache wa vyombo. Upande wa mashariki hali ni mbaya zaidi: Virunga, hifadhi ya kwanza ya Afrika, ya mwaka 1925, ilikuwa inauza ruhusa ya kuona gorila kwa dola 400, wakati Rwanda inaomba 1,500. Leo Goma iko mikononi mwa M23 tangu mwezi wa kwanza 2025, na watalii hawaendi. Feza inakwenda kwa jirani, juu ya gorila wa milima ile ile.

Tanzania haikupata watalii juu ya simba peke yake. Ilipata juu ya barabara, mlango wenye bei iliyoandikwa, na karatasi ya malipo inayotolewa kwa kila mtu. Mfanyakazi wa Kolwezi akifika Mikumi, akalipa shilingi 5,900 na kupata risiti, ataona tembo. Ataona pia kitu ambacho wakubwa wetu wanapashwa kukiona: barabara moja inabeba shaba yetu na watalii wao. Sisi tuna shaba upande huu, na Upemba pia. Barabara njo haipo.

Kwa sasa, jamaa inayotaka kwenda iwe na karatasi tatu juu ya meza mbele ya kutoa avansi: jibu lililoandikwa juu ya bei ya paspoti ya Kongo, hesabu ya motuka iliyogawanywa kwa jamaa mbili, na risiti ya minerval iliyokwisha kulipwa. Karatasi moja ikikosekana, musikate tiketi. Tembo wa Mikumi watakuwa pale mwaka kesho vilevile.